Mbona drams zetu zinalia kama ndoo? Jibu kwa bendi ya Tabata

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Sisi ni vijana wanne wa Tabata, gitaa mbili, besi na drams, tunapiga roki, nyimbo zetu wenyewe za Kiswahili. Albamu ina nyimbo tisa, tumesharekodi tatu. Studio walituingiza mmoja mmoja na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) masikioni, drams wakaziwekea maiki saba. Tukisikiliza sasa drams zinalia kama ndoo ya plastiki, gitaa zinachoma masikio, na washkaji wanasema nyimbo zetu ziko chini kwa sauti kuliko za redioni. Ila tunasoma kwamba bendi za nje zinarekodia beismenti na zinasikika kubwa. Tunakosea wapi, na tununue nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msinunue kitu. Hela mliyonayo ishikeni kwanza, nitawaambia ya kwenda wapi.

Studio nyingi za hapa mjini zimejengwa kwa ajili ya Bongo Fleva na kwa kazi hiyo ziko vizuri kweli, produsa anatengeneza biti kwenye kompyuta, msanii anaingia kwenye kachumba kadogo na maiki moja nzuri anaimba, basi. Pale chumba kinatakiwa kisisikike kabisa. Nyie mmeleta drams kwenye kachumba hako hako. Seti ya drams haijawahi kuwa vyombo vitano vilivyokaa karibu karibu, ni chombo kimoja kikubwa kinachopigwa ndani ya chumba, na nusu ya ule ukubwa mnaousikia kwenye rekodi za nje ni chumba chenyewe. Zile trei za mayai na povu jembamba ukutani zinakula kidogo sauti za juu tu, za chini na za kati zinabaki zinazunguka humo ndani, na hiyo ndio ndoo yenu. Hata kuzuia kelele za bodaboda trei hazizuii, na inaniuma kila nikimuona kijana anazikusanya akidhani anajenga studio.

La pili ni hizo maiki saba. Sauti kwa joto letu la Dar inatembea karibu mita 348 kwa sekunde, kwahiyo kila mita moja ni kuchelewa karibu milisekunde 3. Snea (ile ngoma ndogo kali iliyo mbele ya mpigaji) ikifika kwenye maiki mbili kwa wakati tofauti, mawimbi yanapishana na kuna sehemu yanafutana. Chukulia maiki moja iko mbali kuliko nyingine kwa sentimita 85 na zote zinaipokea snea kwa nguvu ileile, mnapoteza maeneo ya 200 Hz (mitetemo 200 kwa sekunde), na pale pale ndipo mwili wa snea ulipo. Maiki saba zilizowekwa kwa macho tu ni saba zinazogombana, na hapo fundi anaanza kuongeza EQ (vitufe vya kupandisha na kushusha sauti nzito au nyembamba) kutafuta kitu ambacho kimeshafutwa, hakipati, anaongeza tena.

Tumieni nne. Moja kwenye kiki (ngoma kubwa ya mguu), moja snea, mbili za juu ya seti nzima. Chukueni kamba, shikeni ncha moja katikati ya snea, pimeni mpaka maiki ya kwanza ya juu, halafu kwa urefu uleule mpaka ya pili, kamba isizidi wala isipungue. Rekodini sekunde 20, sikilizeni kwa mono (sauti zote kwenye spika moja), kisha geuzeni fezi, yaani mwelekeo wa wimbi, ya maiki ya snea, kile kitufe chenye duara lililokatwa mstari, na upande ambao snea inakuwa nene ndio mnabaki nao, mkimaliza fanyeni hivyohivyo kwa kiki. Hii kazi ni ya nusu saa na haina gharama, na ingenisikitisha mkiiruka maana ndio inayoamua albamu nzima.

Sasa hela. Kodini ukumbi. Makanisa mengi hapa Dar yana seti ya drams, maiki, miksa na fundi anayejua kuvitumia kila Jumapili, na katikati ya wiki ukumbi uko kimya. Ongeeni na uongozi kwa adabu, toeni mchango, ombeni siku mbili. Dari la juu na ukuta mtupu ni vitu ambavyo hampati Kariakoo kwa bei yoyote. Mwangwi ukizidi, ninginizeni mablanketi mazito nyuma ya mpiga drams na tandikeni mkeka au zulia chini. Feni zote zimeni (nawaonea huruma kwa joto lakini hakuna namna), na nyuzi mpya za gitaa fungeni siku moja kabla zitulie maana unyevu wa hapa unavuruga tyuni.

Halafu pigeni pamoja. Wote wanne chumba kimoja, mnaangaliana, ampu zigeuzwe zisitazame drams, magodoro yasimame katikati. Sauti za gitaa zitavuja kwenye maiki za drams, ndiyo, zivuje, mradi hakuna anayekosea vibaya. Bendi zetu za dansi zilirekodi hivyo Radio Tanzania, watu wote wanapiga kwa pamoja, na ukisikiliza leo unasikia kabisa watu wanasikilizana. Uimbaji ndio muuweke baadaye, taratibu.

Mfano wa nje niupendao ni Surfer Rosa, albamu ya Pixies, bendi ya roki ya Marekani. Walirekodi Boston, Desemba 1987, kazi ya siku kumi hivi, fundi akiwa Steve Albini aliyelipwa dola 1,500 tu na hakutaka asilimia ya mauzo. Huyu mtu aliithamini sana sauti ya chumba, mpaka sehemu nyingine za rekodi ile zilihamishiwa bafuni ili mwangwi uwe wa kweli na sio wa mashine. Sikilizeni drams za David Lovering mle, mtasikia hewa inayozizunguka. Ilitoka 1988, Uingereza magazeti ya muziki yakaipokea vizuri sana, ila Marekani cheti cha dhahabu cha mauzo walikipata 2005, miaka 17 baadaye! Katikati hapo Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alishaipenda kiasi kwamba 1993 bendi yake ilimchukua Albini huyohuyo kwa albamu ya In Utero. Nimeitaja kwasababu ya hao washkaji zenu, msikimbilie kuharibu kazi kwa maoni ya wiki ya kwanza.

Kuhusu sauti kuwa chini, hilo ni la masta (hatua ya mwisho baada ya miksing), halina uhusiano na ubora wa rekodi. Ngoma za redioni zimebanwa sana kwa limita, kifaa kinachokata vilele ili wimbo wote upandishwe. Nyie mkiibana roki hivyo kiki na snea zinasagika, na faida hampati maana Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo zikae karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), aliyebana na asiyebana wanakaa sawa. Wakati wa kurekodi acheni kilele kiwe karibu desibeli -10 kwenye mita ya kompyuta, bit 24, msiogope namba ndogo.

Gitaa kuchoma: punguzeni geini (kitufe cha ampu kinachokwaruza sauti) kwa theluthi, kwenye rekodi gitaa mbili zenye geini ya kati zinakuwa nene kuliko moja iliyojaa mchanga. Na maiki isitazame katikati ya spika, isogezeni pembeni sentimita tatu nne mpaka ukali uishe.

Zile nyimbo tatu zirudieni, msijaribu kuziokoa kwenye miksing. Mkishapata ukumbi rekodini kwanza drams peke yake kwa dakika moja, nitumieni nisikilize kabla hamjaanza wimbo wowote.