Mnafyonza au mnakwangua? Kutoa mimba kwa mara ya pili au ya tatu

Mwanamke anayetoa mimba kwa mara ya pili huwa na swali moja: kizazi hakitaharibika? Mtaani atajibiwa kwa hesabu: moja haina neno, mbili jiangalie, tatu umekwisha. Hesabu hiyo haipo. Kizazi hakiliki kama soli ya kiatu. Kinachokidhuru ni chuma kilichoingia ndani na mkono uliokishika, vijidudu vilivyoingia pamoja nacho, na mabaki yaliyoachwa. Aliyemeza vidonge mara tatu, mapema, na kila mara mimba ikatoka yote bila maambukizi, anaweza kuwa salama kuliko aliyekwanguliwa mara moja ovyo.

Ukuta wa ndani wa kizazi una matabaka mawili. La juu ndilo linalobomoka na kutoka na hedhi. La chini halitoki. Ndilo linaloliotesha la juu upya kila mwezi. Sasa, kile chuma cha kukwangulia chenye kitanzi kikali kwenye ncha hakijui tabaka moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Kikizama sana, pale hapaoti tena: panafanya kovu, na ukuta wa mbele unaweza kugandana na wa nyuma. Daktari Joseph Asherman aliieleza hali hii kwa kina mwaka 1948, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Hedhi inakuwa matone, au inakata kabisa huku tumbo likiendelea kuuma kila mwezi. Kila kukwanguliwa kunaongeza uwezekano huo, na kovu linaweza pia kufanya kondo la nyuma la mimba ya baadaye lijishike pabaya.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kukwangua kuachwe, kutumike kufyonza au vidonge. Tatizo ni neno “kusafisha”. Watu hulitumia kwa vyote viwili, na mgonjwa anaondoka asijue alifanyiwa nini. Uliza waziwazi: mnafyonza au mnakwangua?

Kufyonza hutumia mrija wa plastiki, kanyula, unaochaguliwa kufuatana na wiki za mimba. Huunganishwa na bomba kubwa la sindano la mililita 60 lililotolewa hewa, na kazi yenyewe huchukua kama dakika 5 hadi 10. Mzoefu hujua kazi imekwisha bila kubahatisha: linakuja povu jekundu lisilo na nyama, ukuta unakwaruza kama msasa mbele ya kanyula, na kizazi kinaibana kanyula yenyewe. Kisha kilichotoka kinasuuzwa kwenye chujio na kuwekwa kielee kwenye maji safi juu ya mwanga. Panatafutwa vinyuzi vyeupe vinavyoelea kama manyoya laini. Visipoonekana, huenda mimba bado imo, au imetunga nje ya kizazi. Anayemwaga bila kutazama ameruka hatua rahisi kuliko zote, na ndiye anayekurudisha kusafishwa tena.

Jambo jingine ni shingo ya kizazi. Ikilazimishwa kufunguka kwa vijiti vya chuma inaweza kuchanika, na kupanuliwa mara kwa mara kumehusishwa na kujifungua kabla ya wakati, ingawa ongezeko ni dogo. Uliza kama watailainisha kwanza kwa dawa, hasa mimba ikifika wiki 12. Antibayotiki ya kukinga maambukizi hutolewa kabla ya kufyonza. Kwa vidonge haihitajiki.

Vidonge havigusi ukuta kwa chuma. Kabla ya wiki 12 utaratibu wa kawaida ni mifepristoni miligramu 200, kisha misoprostoli maikrogramu 800 baada ya saa 24 hadi 48. Kama una lupu, kile kifaa cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya kizazi, itolewe kwanza. Kama mimba iko nje ya kizazi, vidonge hivi haviiondoi. Aliyewahi kupata mimba ya namna hiyo apigwe picha ya ultrasound kabla. Mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema.

Na usifiche historia yako, hata kama unaona haya. Mtoa huduma anahitaji kujua ulifanyiwa nini, mimba ilikuwa ya wiki ngapi, kama ulipata homa au kusafishwa tena, na kama una kovu la upasuaji wa uzazi. Mimba ulizotoa zikiwa zimefuatana kwa miezi michache, pima wingi wa damu: upungufu wa damu huja kimyakimya. Mwenye kundi la damu lenye Rh hasi (kama O hasi au A hasi) aulizie sindano ya kinga, inayozuia mwili wake kuishambulia damu ya mtoto wa baadaye, mimba ikifika wiki 12 au zaidi.

Rudi haraka hospitali ukilowesha pedi kubwa mbili kwa saa, saa mbili mfululizo. Homa ya 38 ikipita siku nzima. Ukitoka uchafu unaonuka. Au ukiumwa upande mmoja wa tumbo na kuhisi kuzimia. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha mimba hadi wiki 4 baadaye, hivyo usikimbilie dozi nyingine kwa sababu ya mistari miwili. Hedhi isiporudi baada ya wiki 8 na kipimo kikasema hakuna mimba, waambie wachunguze kama kuta zimegandana.

Yai jipya linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, kabla hujaona hedhi yoyote. Vijiti vya mkononi au sindano za kuzuia mimba vinaweza kuanza siku ileile ya kidonge cha kwanza. Lupu, kwa aliyetumia vidonge, husubiri ithibitike kwamba mimba imetoka. Kwa anayefyonzwa, na kama hana maambukizi, huwekwa hapohapo akiwa bado kitandani. Mwambie mhudumu kabla hajaanza, aiweke tayari kwenye trei.