Mng'ao wa kalamu ya mbao unaanzia kwenye tundu

Vijana wanaokuja kujifunza kukereza kalamu hapa kwetu Tabora huuliza swali moja kabla hata hawajashika patasi: "Fundi, hii umepaka nini mpaka inang'aa hivi?" Nawaelewa. Mpingo uliosuguliwa ukaiva unaonekana kama umetoka kwenye maji sasa hivi. Lakini katika miaka yangu ya kazi hii, kalamu zilizorudishwa na wateja hazikurudi kwa kukosa mng'ao. Zilirudi kwa sababu ya pale mbao inapokutana na chuma.

Kwa hiyo jifunze kwanza kupima kwa ukucha. Fumba macho, pitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye chuma kuingia kwenye mbao, kisha urudi. Ukikwama kokote, hata kidogo tu, kazi hiyo haijaisha, na ukipaka chochote juu yake mng'ao ndio utakaoanika kasoro.

Kasoro nyingi chanzo chake ni tundu. Kalamu nyembamba ambayo wengi huanza nayo hutumia mrija wa shaba wa milimita 7, unaogundishwa ndani ya tundu la mbao ili ushike vyuma vya kalamu. Toboa kwa mwendo wa chini, na kila baada ya muda mfupi toa keekee nje imwage unga. Mpingo ni mgumu na una mafuta. Unga ukijazana ndani, joto linapanda na mbao inapata ufa mwembamba ambao hutauona leo. Kipande kiwe kirefu kuliko mrija kwa milimita moja au mbili, kwa sababu keekee ikitokea upande wa pili hubandua vipande.

Mrija uukwaruze kwa msasa kabla ya kupaka gundi, maana shaba laini haishiki. Mimi natumia gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, na nauzungusha mrija huku nikiusukuma ili gundi ienee pande zote. Gundi isiingie ndani: chomeka ncha ya mrija kwenye kipande cha kiazi mviringo kwanza, kiazi kiizibe, halafu kitoe gundi ikishakauka. Acha usiku mzima. Pakibaki sehemu isiyo na gundi, mbao hapo haina kinachoishika, na patasi ikifika itaivunja.

Kisha sawazisha ncha zote mbili kwa kisu chake maalumu mpaka shaba ing'ae duara zima. Ukiiona imeng'aa, acha papo hapo, kwa sababu ukiendelea unafupisha mrija na kalamu haitafanya kazi. Ncha ikikaa upande, utaona mwanya kama mwezi mwandamo kati ya mbao na chuma. Hauzibiki kwa gundi wala kwa vumbi la mbao. Nimeshajaribu vyote.

Kwenye mashine, msikaze kupita kiasi nati ya mhimili, ule ufito wa chuma unaopita ndani ya vipande vya mbao. Mhimili ukipinda kidogo tu, mbao inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na utailaumu patasi bure. Zile bushi za kupimia, yaani vipete vya chuma vinavyokaa kwenye ncha za mbao kuonyesha unene wa kukereza, nazo huliwa na msasa siku hadi siku, kwa hiyo pima chuma chenyewe cha kalamu kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita inasikika kwenye kidole.

Sasa hili la mbao kukauka, naomba mlisikilize vizuri. Mwaka mmoja nilipata oda ya kalamu za mninga mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinanyesha. Nilinunua mbao, nikakereza wiki ileile, zikakaa sawa kabisa, ukucha ukapita. Mwezi wa nane, kiangazi cha huku kimekolea, mteja alinirudishia tatu. Mbao ilikuwa imesinyaa, chuma kimetokeza kama ukingo wa sahani, na moja ilikuwa imepasuka kwa urefu wake, kwa kuwa mbao inasinyaa lakini mrija wa shaba ulio ndani hausinyai. Tangu hapo nakata vipande mapema, navipanga darini miezi kadhaa, na vikishatobolewa navipumzisha tena. Nanunua vibao vya mabaki kwa mafundi samani wenye stakabadhi za mbao zao, kisha nasubiri.

Msasa uanze na namba 150, uende 220, 320, 400, 600; namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Kila hatua simamisha mashine, sugua kwa urefu kufuata nyuzi, futa vumbi, ndipo uende mbele. Mikwaruzo ya duara uliyoiacha kwenye 220 haifutwi na 600, na ukishapaka itaonekana yote dirishani.

Kuhusu kupaka: mpingo peke yake hung'aa kwa msasa mwembamba na nta ya nyuki, ambayo huku Tabora na Sikonge hatuna shida nayo. Nta ni nzuri mkononi, ila jasho huimaliza. Mninga una vitundu, nao huupaka supagluu nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kila moja jembamba na ikauke kabla ya nyingine. Tabaka hizo zina unene, kwa hiyo mbao ikereze chini kidogo ya chuma. Siku ya mvua gundi hiyo huweza kuweka ukungu mweupe, ahirisha. Mpingo ukitaka kuupaka gundi, ufute kwanza kwa asitoni kuondoa mafuta. Na vaeni barakoa na miwani, dirisha likiwa wazi: vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, na mvuke wa gundi huchoma macho.

Kuunganisha natumia jiliwa lenye vibao laini kwenye meno yake. Kipande cha kuzungushia wino, kile kinachotoa na kurudisha ncha ya kuandikia, kisukume ndani ya mrija kidogo kidogo, ukijaribu ncha kila mara, kwa sababu kikishapita alama hakirudi.