Kutoka jina la biashara kwenda kampuni: mambo ya kupanga kabla ya kuhama

Mbele ya sheria, jina la biashara ulilosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, si mtu. Madeni, kodi na mikataba yake yote ni yako. Kampuni ni mtu mwingine kabisa, na hairithi kitu mpaka uikabidhi kwa maandishi.

Anza na jina lenyewe. Tuseme duka linaitwa Mwangaza Hardware. Ukiomba Mwangaza Hardware Limited, ombi linaweza kurudishwa kwa kuwa jina limeshasajiliwa, hata kama mwenyewe ni wewe. Andaa barua yenye namba ya usajili, mwenye jina akiridhia kampuni ilitumie na kuahidi kulifunga. Kama mlisajili wawili, msaini wote. Usikimbilie kulifunga kabla hujazungumza na msajili: jina likishaachwa wazi, mwingine anaweza kuliomba.

Cheti cha kampuni kikitoka, wengi hupumzika. Hapo ndipo kazi ya TRA, mamlaka ya mapato, inaanza. Kampuni inapata TIN (namba ya mlipakodi) yake. Yako binafsi inabaki kuwa yako. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kielektroniki, nayo lazima isome TIN ya kampuni. Ukiendelea kutoa risiti kwa TIN ya zamani, mauzo yanahesabiwa kuwa yako, huku manunuzi yakiandikwa kwa kampuni. Hesabu za pande zote mbili zinavurugika, na kuzinyoosha mbele ya afisa wa kodi ni kazi ngumu. Kumbuka pia kwamba kodi ya makadirio, inayokadiriwa kwa mauzo ya mwaka, ni ya watu binafsi. Kampuni inaandaa hesabu zilizokaguliwa na kulipa asilimia 30 ya faida, kwa hiyo mtafute mhasibu mapema.

Leseni ya biashara, akaunti ya benki, lipa namba, NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi) vyote viwe kwa jina la kampuni. Bidhaa zilizomo dukani ziorodheshe pamoja na thamani yake, kisha wewe na kampuni muandikiane mkataba wa makabidhiano. Gari libadilishwe kadi. Kama nembo uliisajili kuwa alama ya biashara kwa jina lako, nayo ihamishe: cheti cha kampuni peke yake hakiilindi.

Mkopo wa zamani unabaki shingoni mwako mpaka benki ikubali kwa maandishi kuuhamisha. Pango la duka ni hivyohivyo: usiposaini upya ukiwa mkurugenzi, kwa muhuri wenye neno Limited, mwenye nyumba anakudai wewe, si kampuni.