Azimio la 1971 halikuamua hatima ya Taiwan

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza iwapo nchi za Afrika ziendelee kuihesabu Taiwan kuwa sehemu ya China au zisikilize sauti ya kisiwa chenyewe. Kwa maoni yangu tunaweza kudumisha uhusiano wetu na Beijing bila kukubali kwamba watu wapatao milioni 23 hawana neno juu ya hatima yao.

Hoja inayorudiwa sana na wanaosema Taiwan ni sehemu ya China ni Azimio namba 2758 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 25 Oktoba 1971 kwa kura 76 dhidi ya 35, ambalo liliipa serikali ya Beijing kiti cha China kilichokuwa kikikaliwa na serikali ya Chiang Kai-shek. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliwasilisha, na balozi wetu, Salim Ahmed Salim, alishangilia ushindi ule waziwazi; wengi wanaamini kwamba hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya Marekani imzuie kwa kura ya turufu alipogombea ukatibu mkuu mwaka 1981. Msimamo ule ninajivunia hadi leo, kwa sababu serikali ya Chiang Kai-shek, iliyokimbilia Taipei, mji mkuu wa Taiwan, mwaka 1949 baada ya kushindwa vitani, haikuwa na haki ya kusema kwa niaba ya mamia ya mamilioni ya watu ambao haikuwatawala. Hata hivyo, ukilisoma azimio lenyewe hutakuta Taiwan imetajwa popote. Liliamua nani akalie kiti cha China, basi.

Tena Taiwan ya wakati ule iliongozwa na chama kimoja, Kuomintang, chini ya sheria ya kijeshi iliyodumu hadi 1987, na wapinzani walifungwa na wengine kuuawa. Mwaka 1996 wananchi walimchagua rais wao moja kwa moja kwa mara ya kwanza, huku China ikirusha makombora ya majaribio karibu na bandari zao, na tangu hapo madaraka yamehama kutoka chama hadi chama kwa amani mwaka 2000, 2008 na 2016. Kura huhesabiwa vituoni mbele ya wananchi: karani huinua karatasi moja moja, huionyesha kwa waliohudhuria na kutaja jina la mgombea kwa sauti, na mwenzake huweka alama kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Usiku huohuo matokeo hujulikana. Sisi tunaoujua wasiwasi wa kusubiri matokeo hatuhitaji kuelezwa thamani ya uwazi huo. Januari 2024 Lai Ching-te alishinda urais kwa asilimia 40 hivi, lakini chama chake kikapata viti 51 tu kati ya 113 bungeni, kimoja pungufu ya Kuomintang, chama kinachopendelea maelewano zaidi na Beijing. Kwa hiyo hata suala la China lenyewe hubishaniwa huko na kupigiwa kura.

Barani Afrika ni Eswatini pekee yenye ubalozi Taipei, na sidai kwamba Dodoma au Nairobi zifuate njia hiyo. Ninachodai ni kidogo zaidi. Aprili 2016 Kenya iliwapeleka China raia 45 wa Taiwan waliohusishwa na utapeli wa simu, ingawa baadhi yao walikuwa wameachiwa huru na mahakama ya Kenya. Jambo kama hilo lisirudiwe, kwa kuwa kukosa uhusiano wa kibalozi hakumwondolei mtu haki zake mbele ya mahakama zetu. Na katika tamko la mkutano wa China na Afrika uliofanyika Beijing mwaka 2024, viongozi wetu waliunga mkono juhudi zote za serikali ya China za kuleta muungano wa China na Taiwan. Juhudi zote ni pamoja na vita. Tamko lijalo linapoandaliwa, wajumbe wetu wasisitize kwamba Afrika inaunga mkono juhudi za amani peke yake, zenye ridhaa ya wakazi wa kisiwa.