Kabla ya Kolabo, Mpeleke Mchoraji Akaone Ubao Unavyoliwa

Ubao wa kwanza wa skeiti, ule wa magurudumu, niliofanya na mchoraji wa Tingatinga ulikuwa na chui upande wa chini. Alimchora siku mbili, doa moja baada ya jingine, kwa rangi ya mafuta. Jioni nikampa kijana mmoja aujaribu. Akaruka juu ya ukingo wa saruji, akauburuza kwa katikati, na aliposhuka chui hakuwa na tumbo.

Mchoraji alipitisha kidole kwenye ule mkwaruzo, kimya. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, ulijua itakuwa hivi?"

Nilijua. Sikumwambia.

Basi kama unataka kutengeneza nguo au mbao pamoja na msanii hapa Dar, anzia hapo: mpeleke kwa vijana wanaoskeiti kabla hajashika brashi. Yule mzee nilimwomba radhi, akaja Jumamosi tatu mfululizo, akakaa kwenye kivuli akiangalia tu. Ubao wa pili akaupaka nyekundu kwanza, ikakauka, ndipo akaweka nyeusi juu yake na kumchora chui. Kila ukingo ulipoula ubao, nyekundu ikachomoza kama mistari ya kucha. Wazo hilo lisingenijia mimi hata kwa mwaka.

Kolabo za skeiti zilizodumu zilitoka kwa watu waliokuwa ndani ya mchezo wenyewe. Mwaka 1976 kampuni ya viatu ya Vans ilitengeneza kiatu cha Era pamoja na wanaskeiti Tony Alva na Stacy Peralta, waliokuwa wakiviua viatu kila siku. Mark Gonzales ni mwanaskeiti na ni mchoraji, mkono ni ule ule. Supreme, duka la skeiti lililofunguliwa New York mwaka 1994, likaja kuwapa mbao wasanii wakubwa kama Takashi Murakami na Damien Hirst. Duka hilo hilo mwaka 2000 lilitoa mbao zenye nakshi iliyofanana na ya kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton bila makubaliano, wenye nakshi wakaja juu, mbao zikaondolewa sokoni. Mwaka 2017 wakakaa meza moja, wakatoa toleo la pamoja.

Sisi tusisubiri miaka 17. Andikeni. Karatasi moja inatosha: mchoro utatumika kwenye nini, vipande vingapi, mchoraji anapata kiasi gani kwa kila kipande, na mkitaka kuchapa tena mnarudi kwake. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini usingoje mgombane ndipo uitafute.

Na skrini zako, zile fremu za wavu za kuchapia fulana, usiziache kwa fundi. Tulichapa fulana 60, nikachukua mzigo nikaondoka. Wiki chache baadaye nikaiona fulana yetu imetundikwa Kariakoo, kitambaa chepesi kama chandarua, jina la mchoraji limefutwa pembeni. Iliniuma sana, zaidi kwa ajili yake. Sasa ninalipia skrini, na uchapaji ukiisha naondoka nazo kwapani.

Kuhusu rangi: kwenye skrini kila rangi inadai skrini yake, na mandharinyuma ya Tingatinga yanayofifia polepole kutoka njano hadi chungwa hayakubali kirahisi. Usimlazimishe fundi aigize. Mwombe mchoraji achore upya kwa rangi tatu au nne bapa, yeye ndiye anajua kipi kikitoka mnyama bado anabaki mnyama. Kitambaa chukua pamba nzito. Anayeskeiti anaanguka, na fulana nyepesi inachanika begani siku ya kwanza.

Vijana waliojaribu mbao nao waingie kwenye karatasi. Wetu walikuwa watatu, kila mmoja alipata ubao na fulana mbili, na jina lake likaandikwa ndani ya shingo ya kila fulana, chini ya jina la mchoraji.