Pangani na Maziwe: Tazama Mwezi Kabla ya Kukata Tiketi

Wengi huchagua tarehe ya kwenda Pangani kwa kufuata ruhusa ya kazini, kisha hufika wakakuta kisiwa cha Maziwe, kilicho baharini mbele ya mji huo, hakipo. Kisiwa hicho ni fungu la mchanga mtupu. Mivinje iliyokuwapo zamani imeliwa na bahari, na maji yakijaa fungu huzama.

Kwa hiyo hesabu mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, yaani karibu tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hupwa sana, na pwani ya Tanga yanakuwa chini kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata, kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ikifika tarehe 8 au 22 ni maji mafu: asubuhi bahari imejaa, na kupwa huja alasiri, tena kwa unyonge, wakati upepo umeshakaza. Siku hizo Maziwe iache. Nenda magofu ya Tongoni, kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani.

Ukiondokea Pangani mjini, jihadhari na mlango wa mto. Maji yakiwa yanatoka kwa kasi hugongana na mawimbi ya bahari, na mashua ndogo huruka ovyo. Upepo wa kusi unapovuma, ni afadhali uvuke mto hadi Bweni, ushuke Ushongo na kupanda chombo huko.

Kabla ya kutoa pesa, uliza: bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa? Kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Maziwe kimo? Jaketi okozi zinawatosha wote? Zione kwa macho, usikubali kuambiwa zipo. Saa ya kurudi ni ya nahodha. Abiria anayebembeleza nusu saa zaidi ndiye anayeletea wenzake taabu.

Fungu halina kivuli hata cha kofia, basi beba maji lita mbili kwa kila mtu na uvae shati la mikono mirefu hata unapoogelea, maana mgongo ndio huungua kwanza. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa ajili ya miamba. Matumbawe usiyakanyage kabisa.

Bahari hutulia na kuwa safi zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi, ukiacha siku za mvua za vuli. Juni na Julai kusi huchafua maji. Likizo ikiangukia hapo, panda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kupitia Mombo. Lami inafika mjini, lakini baridi ya miezi hiyo haina mchezo, kwa hiyo chukua sweta nzito. Ukitaka kutazama mandhari kutoka Irente, nenda asubuhi, na ukikuta ukungu subiri jua lipande kidogo. Wakati wa masika, barabara za udongo za kwenda Mtae huteleza. Ulizia stendi ya Lushoto kabla hujakodi gari.