Rafiki Aliyeniambia Nisimwambie

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, kuna jambo ambalo hata rafiki wa kufa na kuzikana hapaswi kuambiwa?" Nililisoma jana nikiwa karakanani kwangu hapa Lamu, nikaweka patasi chini, na tangu hapo sijachonga kitu cha maana. Jibu lililonijia kwanza lilikuwa jepesi: ndiyo, lipo, na mimi ninalo. Ni mwanamume wa miaka 47, sikuoa, na tangu ujana wangu moyo umewaelekea wanaume. Sijawahi kuliandika hilo popote wala kumtamkia mtu yeyote wa mji huu, akiwemo rafiki yangu ambaye tulianza naye chuoni tukigawana ubao mmoja wa kuandikia aya. Leo yeye ana mashua, mke na watoto wanne. Nitamwita Nahodha.

Mtu asiyeishi kwetu huenda akadhani kwamba maisha ya mtu kama mimi ni upweke mtupu, na hilo si kweli. Mwanamume wa Lamu hushinda na wanaume wenzake: msikitini, barazani, baharini, na kwenye sinia moja la wali siku ya arusi. Marafiki hutembea wameshikana mikono kutoka gatini hadi Shela, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Katika desturi hizo nilipata mapenzi ya kindugu ambayo naamini wanaume wengi wa miji mikubwa hawayapati, nami nilishukuru. Ugumu ulikuja umri wa kuoa ulipofika, kwa sababu hapo ndipo kila mtu, kuanzia mama mzazi hadi muuza kahawa, alipoanza kuuliza.

Majina tunayopewa nayo yananiuma kwa namna yake. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita jirani yake "shoga", naye akaitwa vivyo hivyo. Lilikuwa jina la mapenzi baina ya wanawake wawili waliolea watoto pamoja na kuazimana chumvi na leso. Nilikuwa na miaka kama 12 nilipolisikia neno lilo hilo akirushiwa mvulana mmoja gatini, na sikuelewa kwa nini jina la urafiki limegeuzwa jiwe. Husemwa pia kwamba watu wa namna yangu tumeletwa na watalii, hasa kule Malindi Waitaliano walikojenga hoteli. Mimi sikufundishwa na mtalii yeyote, na maneno ya kututukana yalikuwamo katika lugha yetu kabla ya hoteli hizo kujengwa.

Lakini mliuliza kuhusu rafiki, na siwezi kujibu bila kusimulia usiku mmoja wa mwaka 2009.

Ilikuwa mwishoni mwa kaskazi. Nahodha aliniomba nimsindikize Matondoni, ambako mafundi walikuwa wakimwundia mashua mpya, nikamkagulie mbao. Tulikawia sana, kwa sababu alitaka nipapase kila ubao kwa mkono wangu na kumwambia kama umekauka sawasawa. Tulipoanza kurudi jua lilikuwa limezama na maji yalikuwa yakitoka kwa kasi, na kabla hatujaipita mikoko chombo kikagusa fungu la mchanga. Tulisukuma kwa upondo, tukashuka na kusukuma kwa mabega, na mwisho tukakubali kwamba tumepwelewa. Hakukuwa na la kufanya ila kuketi na kungoja maji yajae, jambo ambalo lingechukua saa nyingi.

Tulikuwa na chupa ya kahawa, mikate miwili ya mofa na kikombe kimoja. Nahodha alichukua kipande cha kamba kilichofumuka akaanza kukisokota upya, kama afanyavyo kila akiwa na neno zito, nami kwa kumjua nikangoja. Alianza kwa mbali, akizungumzia afya ya mama yake na bei ya samaki, hata akafika kwa mdogo wake wa kike.

"Amemaliza shule," akasema. "Mama na mimi tumeshauriana. Sioni wa kumkabidhi ila wewe."

Nadhani wasomaji wa pwani wanajua uzito wa maneno hayo. Kwetu upande wa mume ndio unaopeleka posa, tena kwa mshenga na kwa kupima maneno. Kaka wa msichana akilifungua jambo hilo mwenyewe ameweka heshima ya nyumba yake mikononi mwako. Nilimfahamu yule binti tangu alipokuwa akiletwa chuoni amebebwa. Nilimpenda kama mtu anavyowapenda ndugu wa rafiki yake, na kwa sababu hiyo hasa sikuweza kumwoa na kumweka ndani ya uongo kwa maisha yake yote.

Nilinyamaza. Nahodha alidhani ninafikiria fedha, akaniambia kwa upole kwamba mahari si neno, na kwamba hata mlango mmoja wa mbambakofi wenye nakshi ya mkono wangu ungemtosha mama yake. Bado naukumbuka mlango huo ambao sikuuchonga. Hata upana wa mfaa wake, ule mti wa katikati ya mlango, niliupiga hesabu palepale kichwani, kwa kuwa akili ilikuwa ikitafuta pa kukimbilia.

"Siwezi," nikasema.

"Una mwingine?"

"Sina mwanamke mwingine."

Sikukusudia kulitia mkazo lile neno "mwanamke", lakini lilitoka hivyo, na mkono wake ukasimama juu ya kamba. Tulikaa kimya muda mrefu. Kaa walikuwa wakitembea matopeni, na upande wa Mokowe zilionekana taa chache. Niliona kwamba nisiposema wakati ule sitasema tena, nikafungua kinywa nikamwita kwa jina lake la utotoni. Sikufika mbali. Aliinua mkono, kiganja kimenielekea, kama mtu anayemzuia mtoto asikanyage ukingoni.

"Usinambie," akasema. Kisha, baada ya kitambo, akaongeza: "Nikiulizwa kesho, nataka niape kwamba sijui, na kiapo changu kiwe cha kweli."

Akamimina kahawa, akanywa nusu, akanipa kikombe kilekile. Nilikishika kwa mikono miwili. Maji yalirudi polepole mno, chombo kikaanza kutikisika, na tulifika mjini watu wakielekea sala ya alfajiri. Njia nzima hatukusema zaidi ya mambo ya tanga na kina cha maji.

Baadaye nilikuja kujua alichokifanya nyumbani. Alimwambia mama yake kwamba ni yeye aliyebadilisha nia, kwa kuwa hataki rafiki yake awe shemeji yake, na kwamba mimi sikuwahi kuambiwa chochote. Mama alimkasirikia mwezi mzima, na lawama yote aliibeba mwenyewe. Binti aliolewa Faza na mtu mwema, na hadi leo hunisalimia kwa furaha tukikutana.

Kwa miaka mingi nimeamini kwamba hakuna urafiki unaoweza kupita ule. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera, nami nilimwona Nahodha kama mtu aliyeitenda hadithi hiyo mbele ya macho yangu. Tena sitara hiyo haikuwa adabu tupu. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, kinampa mwanamume anayelala na mwanamume mwenzake kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 kinaongeza kosa jingine la miaka 5. Ijumaa ya tarehe 24 Mei 2019, tukiwa ndani ya Ramadhani, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuvifuta vifungu hivyo. Niliisikia habari hiyo redioni nikiwa peke yangu, nikaizima. Ijumaa nyingine, tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba shirika la kutetea haki za watu kama mimi lisinyimwe usajili. Makosa yenyewe yalibaki palepale katika sheria, lakini barazani kwetu hukumu hiyo ilizungumzwa kana kwamba mlango wa jahanamu umefunguliwa. Watu niliokula nao sinia moja walisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Nahodha aliinuka katikati ya mazungumzo akaniomba nikamsaidie kuinua injini ya mashua. Injini ile huiinua peke yake kila siku.

Hadi hapa, Mhariri, nilikuwa nimekwisha kuliandika jibu langu na nilikuwa karibu kulifunga. Jambo hilo lipo, asiambiwe, na anayekupenda atajua bila kuambiwa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini nilipoyasoma tena maneno ya swali lenu, "kufa na kuzikana", nilikumbuka safari ya Malindi, na sasa sina uhakika kama nimekuwa nikisema kweli.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo ya pili, mtu niliyempenda kwa miaka sita alifariki ghafla mjini Malindi. Nilikuwa nikimwona kila nilipopeleka fremu na masanduku kwa wateja wangu wa huko, na kwa ndugu zake nilikuwa fundi kutoka Lamu, basi. Nilipopigiwa simu alikuwa amekwisha kuzikwa. Nahodha alinikuta nimefunga karakana mchana kweupe, akauliza, "Msiba?" Nikajibu, "Malindi." Hakuuliza ni nani. Alisema tu, "Tutakwenda," na kesho yake alfajiri alituvusha yeye mwenyewe hadi Mokowe, akaiacha mashua huko, akapanda basi pamoja nami, katika msafara uliolindwa na polisi.

Tuliwahi hitima. Tulikaa mwisho wa jamvi, tukasoma juzuu, tukala. Kaka wa marehemu alitushukuru kwa kuja kutoka mbali, akasema marehemu alizisifu sana kazi zangu. Watu walikuwa wakimpa pole yeye, mama yake na binamu zake mmoja mmoja, nami nikampa mkono pia, nikasema "poleni" kama mgeni. Neno nililolihitaji kuliko yote siku hiyo nililitoa kwa wengine, na sikulipata.

Wakati wa kurudi, tulipokwisha kuipita Gongoni, Nahodha alinigeukia kitini akauliza, "Alikuwa mtu mwema?"

Nikasema, "Alikuwa."

Hakurudi kutazama mbele. Alibaki amenigeukia vilevile, kamba hana, mikono imetulia magotini, akingoja. Mimi nilitazama dirishani, nikahesabu ng'ombe wa Waorma, na tulipofika Garsen alikuwa amefumba macho. Sidhani kama alikuwa amelala.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijisimulia kisa cha Matondoni kana kwamba kiliamua kila kitu, kwamba aliufunga mlango na mimi nikauheshimu. Leo nikiandika naona kwamba miaka 13 baadaye aliufungua kwa mkono wake, na mimi ndiye niliyeurudisha. Nilimwachia abebe jeneza asilojua ni la nani. Hivyo siwezi kuwaambia wasomaji wenu kwamba kunyamaza kwangu kote kulikuwa sitara. Kiasi fulani kilikuwa hofu iliyokwisha kuwa desturi, na katika kiasi hicho nilimdhulumu rafiki yangu.

Basi jibu langu limegeuka: nadhani aambiwe. Hata hivyo simwambii hivyo kijana wa miaka 19 anayelala na kula kwa baba yake, ambaye neno moja likivuja atakuwa nje usiku huohuo; huyo anyamaze hadi awe na pa kulala na pa kula. Mimi nina karakana na nyumba yangu. Wala simsemei mtu ambaye rafiki yake hajawahi kupimwa na jambo lolote zito. Kuna pia kiapo cha Nahodha, na hili ndilo linalonizuia zaidi ya yote. Nikimwambia, sitaweza kumrudishia ile haki yake ya kuapa kwamba hajui. Ana mke na watoto katika mji huu huu, na watu wakija kuuliza, watamuuliza yeye kwanza.

Jumamosi tunakwenda Matondoni, mashua itiwe kalafati. Nimeamua kumtajia jina la marehemu, jina lake tu, kwa kuwa hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. Akitaka zaidi nitamweleza. Akiinua mkono kama alivyouinua mwaka ule, nitanyamaza, na kahawa tutainywa.

Msomaji wenu,
Lamu